Jiko Moja, Nyumba Mbili

Mpwa wangu alipotelea ndani ya fomu niliyoitengeneza mimi mwenyewe, na wakati huo wote alikuwa kwao Kanyakine, upande wa pili wa ua, ndani ya nyumba yake, anakohoa. Nasimulia hivi bila machozi kwa sababu kazi yangu haina machozi. Natengeneza fomu za mtandaoni. Watu wakisikia hivyo hudhani nachapisha zile karatasi za kwa chifu, nami nimechoka kueleza, kwa hivyo huwaambia ndiyo, nachapisha karatasi.

Ofisi yetu iko Meru mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya bucha. Tuko wawili tu: mimi na mwenye kampuni, mwanamume wa Embu asiyependa kelele wala mabadiliko. Chini yetu shoka hugonga gogo tangu asubuhi, na tumelizoea hivi kwamba likinyamaza tunatazamana. Mwenye bucha ni Mwislamu wa hapa hapa mjini, hata babu yake alichinja hapa. Huniita mwalimu kwa sababu siku moja nilimtengenezea simu. Sijawahi kumfundisha chochote.

Kazi yenyewe iko hivi. Maswali ya fomu huandikwa kwanza kwa XML, ambayo ni maandishi ya kawaida yaliyowekewa alama: kila kitu kina alama ya kukifungua na alama ya kukifunga, na kitu kimoja kinaweza kukaa ndani ya kingine, kama sufuria ndogo ndani ya kubwa, kila moja na kifuniko chake. Ukisahau kifuniko kimoja, hakuna kitakachopikika. Halafu programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, huyasoma yale maandishi swali kwa swali na kuyageuza kuwa ukurasa unaofunguka kwenye simu. Ukitaka kubadilisha swali huigusi programu. Unabadilisha XML, Python inasoma upya, basi. Ni kazi safi. Ikikataa inakuonyesha mstari uliokosea, jambo ambalo sijaona kwa binadamu.

Fomu ninayoizungumzia ilikuwa ya kifua kikuu. Mtu akipatikana na ugonjwa huo, mhudumu wa afya wa kijijini humfuata nyumbani na kuuliza anaishi na nani, maana ugonjwa wenyewe hupita kwa hewa, na waliolala naye chini ya paa moja ndio wa kwanza kupimwa. Zamani waliandika kwenye karatasi, na karatasi zikanyeshewa. Sisi tukaombwa tuiweke kwenye simu. Swali kuu nililiandika kwa mkono wangu: Nani wanalala katika nyumba hii? Kwa kila anayetajwa, maswali yanajirudia: ana miaka mingapi, anakohoa, tangu lini, anatokwa na jasho usiku, amekonda. Kikohozi kikizidi wiki mbili, ukurasa unageuka mwekundu na kusema apelekwe kliniki.

Tuliijaribu vizuri. Bosi aliipeleka Embu mjini kwa watu wa nyumba za kupanga, familia nzima chumba kimoja, ikakubali. Mimi nikamjaribia mwenye bucha, ambaye watoto wake wote, mpaka yule aliyeshaota ndevu, wanalala ndani ya nyumba yake. Alijibu kila kitu kwa raha zake, kisha akauliza mbona tumesahau swali la chakula, kwani kuna familia isiyokula? Nikamwambia hiyo ni fomu ya kifua, si ya tumbo. Tukaipitisha.

Dada yangu mkubwa alianza kukohoa mvua za Oktoba. Kwanza alisema ni baridi, halafu moshi, halafu akasema ni majirani wanamsema vibaya. Alipokubali kwenda hospitali ilikuwa Februari, na leso iliyokuwa ikimtosha sasa ilimzunguka mara mbili. Walipompata na kifua kikuu nilishukuru, kwa sababu nilikuwa nimewaza mabaya zaidi, na hiki kina dawa. Akaanza vidonge. Mhudumu akaja kwake na simu, na ndani ya simu ilikuwa fomu yangu. Dada alinipigia kujigamba.

"Nimeulizwa yale maswali yako," alisema. "Nimejibu yote. Hakuna nililoruka."

Dada yangu hasemi uongo. Ni tabia nzuri na inachosha. Binti zake wawili walipimwa, wakawa wazima, wakapewa vidonge vya kujikinga, nami nikarudi kwa mambo yangu.

Wiki chache baadaye nilikuwa nakagua rekodi zilizoingia. Huwa naandika programu fupi ya kuwapanga watu kwa umri, niwanase wahudumu wanaojaza fomu wakiwa wamekaa kwao chini ya mti. Wanawake walikuwepo wa kila umri. Wasichana walikuwepo. Watoto wa kiume wadogo walijaa tele. Halafu, kuanzia miaka kumi na minne hivi, wavulana wakaisha. Hawakupungua, waliisha, mpaka unapofika kwa wanaume wenye wake zao. Nikadhani nimekosea programu. Niliisoma mstari kwa mstari na haikuwa na neno. Nikafungua rekodi za Muthara, huko Tigania, nikidhani labda ni mambo ya Kanyakine. Muthara nako hakuna vijana.

Nilikaa nikitazama kioo cha kompyuta huku shoka likigonga chini. Kisha nikajiona mjinga, na mimi nikijiona mjinga hukasirika.

Kwetu, kijana akishatahiriwa harudi kulala kwa mamake. Anapata nyumba yake pale uani, gaaru, hata iwe ni mabati machache na mlango wa mbao za masanduku. Sasa ni muthaka, mwanamume. Mamake haingii mle hata kufagia. Dada zake hawaingii, na sisi mama zake wadogo ndiyo kabisa. Dada yangu ni mtu wa kanisa, mambo mengi ya zamani ameyaacha, lakini hilo ng'o. Na mpwa wangu alitahiriwa Desemba. Ina maana Oktoba yote na Novemba yote alilala chumba kimoja na mama anayekohoa, pazia tu katikati. Februari mhudumu alipouliza nani wanalala katika nyumba hii, dada alisema kweli tupu: mimi na wasichana. Mhudumu, mzaliwa wa pale pale, akaandika, akaaga, akapita mbele ya mlango wa gaaru akienda zake, na hakuona ajabu. Hata mimi nisingeona. Ndugu zangu wote wa kiume walilala nje, na katika kuandika lile swali sikuwakumbuka hata mmoja. Nyani haoni kundule.

Nilimpigia dada simu papo hapo.

"Yule kijana anakohoa?"

"Kijana gani?"

"Wako. Una wangapi?"

"Aa, huyo. Anakohoa kidogo. Ni baridi ya ile nyumba. Ama ni sigara, siku hizi ana marafiki."

"Tangu lini?"

"Sasa nitajuaje? Kwani mimi naingia kule?"

"Anakula?"

Alisema chakula anapelekewa mlangoni na dada yake mdogo, na sahani zinarudi nusu. "Amejifunza kudharau mapishi yangu," alisema. "Mukimo aliokuwa akikwangua mpaka sufuria, sasa anaurudisha." Nikamwambia amtume kituo cha afya kesho yake asubuhi. Akaniuliza kama nimesahau nilikozaliwa. Alikuwa ameshamwambia, na kijana akajibu yuko sawa. Mwanamume akishasema yuko sawa, mama ataongeza nini? Babake angezungumza naye akija mwisho wa mwezi. Shemeji yangu ni fundi wa kujenga, yuko Isiolo, na mwezi ndio kwanza ulikuwa umeanza.

Niliogopa. Nasema wazi, kwa sababu nikisimulia hadithi hii watu hudhani nilikuwa nafikiria fomu. Nilikuwa nafikiria mapafu ya yule mtoto. Kifua kikuu hakingoji mwisho wa mwezi, na kijana aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho hatakubali kupiga kelele kwa ajili ya kikohozi. Angekaa mle ndani akiwa sawa mpaka aanguke.

Nikamgeukia bosi, nikamweleza kwamba swali letu linawaacha nje vijana wote walioshatoka jandoni, na kwamba fomu lazima ibadilishwe.

"Fomu imeshapitishwa," alisema. "Tukibadilisha umbo lake, rekodi za zamani zitakataa kuingia."

"Zitaingia. Nitaandika programu ya kuzihamisha."

"Andikia wenye mradi kwanza. Tuone watasema nini."

Ana sauti ya chini, bosi wangu, na sauti ya chini huniudhi kuliko matusi. "Wewe," nilimuuliza, "kwenu Embu, ulipotoka jandoni ulilala wapi?"

Mwanamke hamwulizi mwanamume swali kama hilo, sembuse bosi wake. Alinitazama, akatazama mlango kama kuna mtu. "Kwa nyumba yangu," alisema.

"Na mhudumu angekuja siku hiyo akamuuliza mama yako nani wanalala kwake?"

Alichukua kalamu, akaitazama, akairudisha mezani. "Angesema ni yeye na wasichana." Baadaye kidogo akaongeza, "Na kula nilikuwa nakula kwake, asubuhi na jioni."

Basi swali tukalipata hapo, na mwenye bucha alikuwa ameshalisema akicheka, nasi tukamdharau. Sijawahi kumwambia. Ataanza kudai mshahara.

Siku ile na iliyofuata niliipanga upya ile XML. Zamani kitu cha nje kabisa kilikuwa nyumba, na ndani yake watu. Sasa cha nje kikawa boma. Ndani ya boma nikaweka jiko, ndani ya jiko nyumba zote zinazolishwa nalo, na ndani ya kila nyumba wenye kulala humo, mmoja wao akiwa mwenye nyumba, wa kuwajibia wenzake. Swali la kwanza likawa: Nani wanakula kutoka jiko hili? La pili: Nani walikuwa wakilala pamoja na mgonjwa kikohozi kilipoanza? Python ilinikatalia mara kadhaa, kwa kuwa nilikuwa nafunga boma kabla sijafunga jiko, na kila mara ikanionyesha mstari. Niliitukana kwa Kimeru, kisha nikarekebisha. Bosi aliketi kando yangu na kusoma kila neno, na ule moyo wake usiopenda mabadiliko ukawa na faida, kwa sababu aliona makosa mawili ambayo hasira yangu ilikuwa imeyaruka.

Toleo jipya lilikuwa bado halijaruhusiwa kutumiwa na wahudumu. Lilikuwa kwenye simu yangu tu, la kujaribia. Jumamosi nikatoka kwangu Kaaga mapema na kwenda Kanyakine.

Dada alikuwa jikoni, anaonekana afadhali, mashavu yamerudi. Alinipa chai na ndizi za kuchemsha na kuniambia nimenenepa, ambayo ni salamu yake. Kutoka upande wa gaaru nikasikia kikohozi. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kikavu, kinakuja, kinakatizwa kwa nguvu kama mtu anayekificha, halafu kinakuja tena. Dada alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia kila siku," alisema.

Nikavuka ua nikasimama mbele ya mlango wa zile mbao. Mlango ulikuwa umesindikwa tu. Ningeusukuma kwa kidole ungefunguka. Nina shahada, nina ufunguo wa ofisi, rekodi za tarafa kadhaa zinapita mikononi mwangu, na mlango ule sikuweza kuusukuma. Nilibisha na kurudi nyuma kidogo.

"Nani?"

"Ni anti yako."

"Shikamoo anti."

"Marahaba. Nimekuja kazi."

"Mimi niko sawa, anti."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Hilo swali halimo kwenye fomu yangu."

Nilisikia kitanda kikilia. Nikamweleza kwamba nimetengeneza fomu mpya, na kwamba fomu hii inataka kila nyumba ijibiwe na mwenyewe. Nyumba ya mamake imeshajibiwa. Hii bado. Mimi siwezi kuingia na mamake hawezi kuingia, kwa hivyo sisi hatujui lolote kuhusu nyumba hii, na tukijibu tutakuwa tunadanganya serikali. "Mwenye nyumba ni wewe," nilisema. "Kama hakuna mwenye nyumba, niambie, niandike ni stoo."

Mlango ukafunguka kiasi cha mkono. Mkono wenyewe ulinishtua. Nilikuwa nimeuona Desemba ukibeba mbao za kujengea nyumba hiyo hiyo, na sasa kifundo kilikuwa kimetokeza. Nikauwekea simu, mlango ukarudi mahali pake.

Alisoma kwa sauti, pole pole, kama wanavyosoma shuleni. Nani wanakula kutoka jiko hili, akaandika. Jina la mwenye nyumba, akaandika. Umri, akaandika. Nani wengine wanalala katika nyumba hii. "Hakuna. Ni mimi tu," alisema, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba upweke unamsumbua. Kisha: unakohoa? Aliandika jibu bila kulisoma kwa sauti.

"Tangu lini," alisoma. "Anti, hakuna pahali pa kuandika sijui?"

"Hakuna."

"Mbona?"

"Nilikataa kupaweka."

Alikohoa, akakatiza. "Tangu Januari," alisema, na sikujua kama ananiambia mimi au anaiambia simu. Nyuma yangu nilisikia mwiko ukiwekwa juu ya meza. Dada alikuwa ametoka mpaka mlangoni mwa jiko. Jasho usiku, ndiyo. Kukonda, ndiyo. Kijana akaendelea kusoma na kujibu, sauti imeshuka, lakini hakuacha, kwa sababu yeye ni mwenye nyumba na mwenye nyumba humaliza. Halafu akasema, "Imekuwa nyekundu."

"Inasemaje?"

"Inasema niende kliniki."

"Basi umeambiwa. Si mimi niliyesema, wala si mama yako."

Mkono ukatoka, ukanirudishia simu. Niliangalia kama rekodi imeingia vizuri, maana ilikuwa ni jaribio la kwanza. Kwenye swali la jiko alikuwa amejaza watu wanne. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho. Wa kwanza alikuwa mamake, na mbele ya jina alikuwa ameandika, mahali ambapo hatukuuliza, kwamba anakunywa dawa na asisumbuliwe.

Nilivuka ua nikamwonyesha dada. Aliisoma muda mrefu kwa mtu anayesoma mistari michache. "Na mimi waliponiuliza sikumtaja," alisema. Nikamwambia swali lilikuwa baya. Akasema alijua swali lilikuwa baya, mimi ndiye niliyeliandika, lakini sasa anazungumza kuhusu jibu. Alilia kidogo, bila sauti, akageukia moto ili ionekane ni moshi.

Jumatatu tulienda kituo cha afya. Kijana alitembea mbele, mamake nyuma, mimi nyuma kabisa, kila mtu kana kwamba hamjui mwenzake. Akatema makohozi kwenye kikopo, tukangoja kwenye benchi mpaka saa za chakula. Daktari, kijana tu, mpole, akatuita ndani. Akasema ni kifua kikuu, kimekamatwa mapema, dawa zipo, miezi sita, asiruke hata siku moja. Mpwa wangu aliitikia kama mtu anayepokea maagizo ya kazi. Daktari akavuta kadi, karatasi ya manjano, akaanza kuijaza.

"Lazima kuwe na mtu wa kumwona akimeza dawa kila siku," alisema. "Mtu anayeishi naye nyumba moja." Akamtazama dada. "Mama, mnaishi nyumba moja?"

"Hapana," dada akasema.

"Hapana," mpwa wangu akasema.

Daktari akaihamisha kalamu kwenda mstari mwingine. Nilikuwa nimefungua mdomo nimweleze habari za boma na jiko na nyumba, jinsi vitu vinavyokaa kimoja ndani ya kingine. Dada alinitangulia. Aliuweka mkono wake juu ya ile kadi, kalamu ikasimama.

"Nyumba ni yake," alisema. "Lakini chakula ni changu. Atakuja jikoni kila asubuhi, atameza mimi nikiona, ndiyo apate chai. Niandike mimi."